Lori la Wafanyakazi na Kodi Isiyorudi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Safari hii tunapenda kusema juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana katika mikutano ya matawi yetu, ingawa linagusa mfuko wa kila mmoja wetu. Jambo lenyewe ni kodi inayotozwa wakati wa kununua lori lililokwisha tumika kutoka kwa mwuza magari.

Huenda mtu akauliza: mchuma chai ana habari gani na malori? Mkata miwa na malori wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba siku hizi vyama vingi vya akiba na mikopo vya wafanyakazi vinatafuta kununua gari lao la mizigo. Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini wengi wetu tunakwenda sokoni tukiwa tumefumba macho. Twajua kuangalia tairi, twajua kusikiliza injini, ila karatasi ya hesabu hatujui kuisoma. Na hapo ndipo jasho letu linapopotelea.

YALIYOTUPATA SISI

Tawi letu liko katika mashamba ya chai, magharibi ya Uganda. Mji uko mbali na kambi. Kwa miaka mingi unga wa posho, maharage na sabuni vilitufikia kwa mikono ya wachuuzi wenye magari, na kila mkono ulijiongezea chake. Mfanyakazi alipokea mshahara mdogo, kisha akanunua kwa bei kubwa kuliko mtu wa mjini mwenye mshahara mkubwa. Basi chama chetu cha akiba kikaazimia kununua lori lake, ili duka la wanachama lijiletee bidhaa.

Wanachama 180 walikubali kukatwa shilingi 8,000 kila mwezi. Baada ya miezi 36 tulikuwa na shilingi 51,840,000. Wapo walioondoka shambani kabla ya siku ile, wakaacha akiba yao kwa ndugu zao waliobaki. Kwa hiyo fedha ile haikuwa namba tu katika daftari. Ilikuwa miaka mitatu ya kuamka alfajiri na kuingia shambani kungali na umande.

Kamati ilimtuma mwenyekiti, mweka hazina na dereva mmoja mzee kwenda Kampala. Huko waliliona lori la tani nne lililoletwa kutoka Japani. Mzee wetu alilala chini akaangalia chasisi, akawasha injini, akasikiliza, akasema gari linafaa. Mwuzaji akataja bei: shilingi milioni 50. Wakapatana, wakaacha arubuni, wakarudi nyumbani na furaha.

Walipokwenda mara ya pili kumaliza malipo, mwuzaji aliandika hesabu mbele yao. Juu aliandika milioni 50. Chini yake akaandika milioni 9. Jumla milioni 59. Mweka hazina alipouliza milioni 9 ni za nini, aliambiwa: "Hiyo 50 ni bei yangu mimi. Hii 9 ni kodi ya serikali, asilimia 18."

Watu wetu walistaajabu, lakini hawakuwa na la kusema. Bei walikuwa wameisikia kwa masikio, hawakuipokea kwa maandishi. Mwuzaji alipoona wamenyamaza, aliwavuta kando akawaambia kwa sauti ya chini: "Leteni milioni 52, tusiandikiane stakabadhi, mambo yaishe."

Twakiri mbele yenu kwamba tulitamani. Kamati ilikaa jioni mbili ikijadiliana. Wengine walisema serikali ina vyanzo vingi vya fedha, haitakufa njaa kwa kukosa milioni 9 zetu. Wengine walisema tukubali, kwani wakubwa nao hufanya hivyo hivyo. Ndipo mama mmoja, mchuma chai wa miaka mingi, akauliza swali lililomaliza ubishi: "Ikiwa lori halina karatasi kwa jina la chama, na kesho mwenyekiti akafariki, watoto wake wakisema ni lori la baba yao, sisi tutawaonyesha nini?"

Hapakuwa na aliyemjibu. Tuliamua kulipa kodi yote na kudai stakabadhi. Kila mwanachama aliongeza shilingi 50,000. Ili tufikishe kiasi hicho, chama kilifunga mikopo kwa miezi mitatu. Muhula ule hakuna mwanachama aliyeweza kukopa karo ya mtoto wake. Wako watoto waliokaa nyumbani. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutokujua kusoma hesabu ya kodi, na ndiyo sababu tumeandika maneno haya.

JINSI KODI HII INAVYOFANYA KAZI

Zamani katika nchi yetu palikuwa na kodi ya mauzo. Tarehe 1 Julai 1996 iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi wetu huiita VAT. Kiwango chake cha kwanza kilikuwa asilimia 17, na mwaka 2005 kikapandishwa hadi asilimia 18. Ndugu zetu wa nchi jirani wanaifahamu pia. Kenya ilianza nayo mwaka 1990, Tanzania mwaka 1998, Rwanda mwaka 2001, na Kongo mwaka 2012. Kiwango cha kawaida huko Kenya na Kongo ni asilimia 16. Tanzania, Rwanda na Burundi ni asilimia 18. Kwa hiyo tunayoyasema hapa yanamhusu pia mfanyakazi wa Kericho au wa Bujumbura.

Wengi hudhani kwamba kila anayenunua huibeba kodi hii sawa na mwenziwe. Sivyo hata kidogo. Kodi hii imefanywa kama mzigo unaopitishwa kutoka bega moja hadi jingine. Mfanya biashara aliyesajiliwa hulipa kodi anaponunua, kisha huitoza anapouza. Mwisho wa mwezi hutoa ile aliyolipa katika ile aliyotoza, na tofauti ndiyo anayoipeleka serikalini. Begani mwake mzigo haukai. Unakaa kwa mtu wa mwisho, yule asiyesajiliwa, ambaye hana wa kumpitishia.

Sasa tuchukue mfano ulio wazi. Kampuni ya chai iliyosajiliwa inakwenda katika yadi ile ile na kununua lori kama letu. Inalipa milioni 59, lakini zile milioni 9 inaziandika katika hesabu zake kuwa kodi iliyokwisha lipwa, na inazipunguza katika kodi inayodaiwa. Ikiwa chai yake inauzwa ng'ambo, jambo huwa jepesi zaidi kwake, kwa sababu bidhaa zinazouzwa nje hutozwa kodi hii kwa kiwango cha sifuri. Kampuni haitozi kitu kwa chai hiyo, lakini ina haki ya kudai irudishiwe kodi iliyolipa kwa vifaa vyake vya kazi. Mwishowe lori limeigharimu milioni 50.

Chama cha wachuma chai hiyo hiyo, kwa kuwa hakikusajiliwa, kimelipa milioni 59, na hakuna dirisha la kwenda kudai hata senti moja.

Lori ni moja, yadi ni moja, siku ni moja. Bei ni mbili. Bei ndogo ni ya mwenye shamba, na bei kubwa ni ya anayelima shamba. Hatusemi kwamba sheria iliandikwa kwa nia ya kuwaonea wanyonge. Sheria haikuandika neno tajiri wala neno maskini. Imeandika aliyesajiliwa na asiyesajiliwa. Lakini mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa kwamba sufuria haikukusudia kuwa tupu. Sisi twaangalia matokeo, na matokeo ndiyo hayo.

KABLA YA KODI AU BAADA YA KODI?

Swali la kwanza ambalo kila kamati haina budi kumwuliza mwuza magari ni hili: bei hii ni kabla ya kodi au baada ya kodi? Mtu asione haya kuuliza. Aulize, kisha aombe jibu kwa maandishi, kabla ya kuacha arubuni.

Magari mengi yanayoletwa kutoka ng'ambo huwekwa kwanza katika bondi, yaani ghala la forodha, nayo hukaa humo hali ushuru wake haujalipwa. Bei utakayotajiwa hapo huenda ikawa ya gari tupu. Juu yake utakuta ushuru wa forodha; kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo huhesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wenyewe, yaani kodi juu ya ushuru; kisha asilimia 6 ya kodi ya mapato inayochukuliwa mapema; kisha tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, na kwa magari yaliyozeeka, tozo ya mazingira. Asiyeuliza atajikuta amefika katikati ya mto, hawezi kusonga mbele wala kurudi nyuma.

Jambo la pili ni hesabu. Ukiambiwa bei ni milioni 50 na kodi bado, zidisha kwa 18, gawa kwa 100. Utapata milioni 9 za kuongeza. Ukiambiwa bei ni milioni 59 na kodi imo ndani, usitafute asilimia 18 ya 59, utakosea. Zidisha 59 kwa 18, kisha gawa kwa 118. Utapata milioni 9. Hesabu hii ndogo ifundishwe katika kila tawi, kama tunavyofundishana kusoma karatasi ya mshahara.

Jambo la tatu ni kumjua unayenunua kwake. Mwaka 2015 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kiliwekwa kuwa shilingi milioni 150 kwa mwaka. Mtu anayeuza malori manne ya bei kama ya letu amekwisha kivuka. Ikiwa mwuzaji amesajiliwa, kodi ni lazima, naye lazima akupe stakabadhi. Ikiwa hakusajiliwa, hana ruhusa ya kukutoza kodi hii. Wapo watu wanaotoza asilimia 18 kwa jina la serikali, na serikali haiioni fedha hiyo. Huo ni wizi mtupu.

Mtu binafsi ambaye hakusajiliwa akikuuzia lori lake, kodi hii haimo. Bei yake yaweza kuwa nafuu, lakini mchunguze vizuri: huenda lori limewekwa rehani benki, au injini imekwisha choka. Tena msidhani kwamba kununua lori kuukuu la kampuni ni kuikwepa kodi. Kampuni iliyosajiliwa ikiuza lori la kazi yake, nayo hutakiwa kutoza.

Jambo la nne ni stakabadhi yenyewe. Tangu Januari 2021 wafanya biashara waliosajiliwa Uganda wametakiwa kutoa stakabadhi kwa mtambo uliounganishwa na Mamlaka ya Mapato. Twakumbuka jinsi wafanya biashara wa Kampala walivyofunga maduka yao mwezi wa Aprili 2024 kwa kuupinga mtambo huo. Ubishi wao na serikali hatuuingilii hapa. Sisi wanunuzi stakabadhi hiyo yatufaa, kwa sababu ina namba zake ambazo mtu aweza kuzihakikisha kwa Mamlaka. Hakikisheni imeandikwa kwa jina la chama na kwa namba ya mlipa kodi ya chama, wala si kwa jina la mwenyekiti. Na kitabu cha gari kiwe vivyo hivyo. Kumbukeni swali la yule mama.

WANAOTUAMBIA "JISAJILISHENI"

Tulipoyatoa malalamiko haya mbele ya karani mmoja wa hesabu, alitujibu upesi: "Tatizo lenu ni dogo. Jisajilisheni kwa hiari, nanyi mtadai kodi yenu kama kampuni."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatuwezi kulidharau. Sheria inaruhusu mtu aliye chini ya kiwango kuomba kusajiliwa. Chama ambacho lori lake litabeba mizigo ya kiwanda kwa malipo, mathalani miwa au majani ya chai, kinaweza kufaidika. Kitatoza asilimia 18 juu ya nauli ya mzigo, na kiwanda kilichosajiliwa hakitalalamika sana, kwa sababu nacho kitaipunguza katika hesabu zake. Chama nacho kitaidai kodi ya lori, ya vipuri na ya tairi. Kwa vyama vya namna hiyo ushauri wetu ni kwamba lifikirini jambo hili kwa makini, na mliamue kabla ya kununua, si baada.

Lakini kujisajili ni ndoa, si urafiki wa sokoni. Kila mwezi chama hakina budi kupeleka hesabu zake kabla tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita, hata kama lori lilikaa gereji mwezi mzima. Lazima kitumie mtambo wa stakabadhi. Lazima kiwe na mtu ajuaye uhasibu, naye hafanyi kazi kwa shukrani. Ukichelewa, faini inakungoja. Na ikiwa kazi ya lori ni kuleta bidhaa za duka la wanachama tu, basi bidhaa zinazotozwa kodi, kama vile sabuni, mtalazimika kuwatoza wanachama wenyewe. Mtakuwa mmeitoa kodi mlangoni mkairudisha dirishani.

Kwa hiyo neno "jisajilisheni" ni dawa ya wengine, si dawa ya wote. Kampuni ina ofisi ya hesabu yenye makarani. Chama chetu kina mweka hazina mmoja anayechuma chai asubuhi na kuandika daftari usiku kwa mwanga wa taa.

TUNAYOYATAKA

Hatusemi kwamba wafanyakazi wasilipe kodi. Twatumia barabara, twatumia hospitali, na watoto wetu wanasoma katika shule za serikali. Kodi ni wajibu wa kila raia. Tunalolidai ni haki katika kuigawa.

Kwanza, bei yoyote inayotajwa kwa mnunuzi asiye mfanya biashara itajwe ikiwa na kodi ndani yake, na iandikwe kwenye kioo cha gari. Mtu anayenunua kiberiti haambiwi bei mbili. Kwa nini anayenunua lori aambiwe bei mbili?

Pili, vyama vya ushirika vya wafanyakazi vilivyoandikishwa kisheria vipewe nafuu ya kodi vinaponunua gari moja la mizigo kwa matumizi ya wanachama. Ikiwa mwenye kiwanda anarudishiwa kwa kuwa lori ni chombo chake cha kazi, basi kwetu pia lori ni chombo cha kazi.

Tatu, Bunge litazame tena kodi ya vitu vilivyokwisha tumika. Lori lililonunuliwa jipya humu nchini na mtu asiyesajiliwa lilikwisha lipiwa kodi yote, na kodi hiyo haikurudishwa. Likipita kwa mwuza magari na kutozwa tena kwa thamani yake nzima, kitu kimoja kimelipiwa mara mbili. Wenzetu wa Ulaya waliliona tatizo hili, wakatunga kanuni mwaka 1994 ya kumtoza mwuzaji juu ya faida yake tu. Yaani akinunua kwa 40 na kuuza kwa 50, kodi inahesabiwa juu ya 10. Afrika ya Kusini nayo humruhusu mwuzaji aliyesajiliwa kudai sehemu ya kodi iliyojificha katika bei anaponunua kitu kilichotumika kutoka kwa mtu asiyesajiliwa. Hatusemi tuige kila kitu cha wengine. Twasema njia zipo, na waliotangulia wamekwisha zipita.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, vyama vya wafanyakazi viweke mtu mmoja katika kila wilaya wa kuvisaidia vyama vya akiba kabla havijatoa fedha. Twawapeleka viongozi kwenye semina za mikataba ya kazi, na ni vyema. Lakini nyongeza ya mshahara inayopatikana kwa mgomo wa wiki mbili yaweza kupotea kwa dakika kumi mezani pa mwuza magari.

Lori letu sasa linafanya kazi. Bei ya unga katika duka la wanachama imeshuka, na wachuuzi wamelazimika kushusha zao. Hatujuti kulinunua, wala hatujuti kulipa kwa stakabadhi. Tunajuta kwamba tulikwenda bila kuuliza, na kwamba watoto wetu ndio walioilipa gharama ya ujinga wetu. Karatasi zote za lori zimo katika sanduku la chama lenye kufuli mbili, na funguo zake ziko kwa watu wawili. Mmoja wao ni yule mama aliyeuliza swali.

Ndugu wafanyakazi, kuuliza si ujinga. Tawi lolote linalotaka kununua gari na lituandikie kabla ya kutoa arubuni, nasi tutaisoma karatasi ya hesabu pamoja nalo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Umoja ni nguvu.